Je, Hasara ya Hapa Yalipwa kwa Wema wa Kule?

Mtu akichoma shamba la jirani yake, yampasa kulipa. Hata mtoto ajua hivyo. Lakini mtu huyo akienda kulima shamba la mwingine, mbali, kisha akarudi kusema, "Deni langu limekwisha," je, tutamkubalia? Swali hilo si mchezo. Huko Marekani limeingia ndani ya sheria, na fedha nyingi hupita juu yake.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Kinamasi ni nchi yenye maji, matope na matete. Wengi hukidharau, husema ni makao ya mbu na vyura tu. Kumbe kina kazi kubwa. Mvua ikizidi, chanywa maji kama sifongo, kisha chayaachilia polepole, na mafuriko yapungua. Chachuja maji machafu. Samaki huzalia humo, ndege hupata chakula. Lakini toka miaka ya 1780 mpaka miaka ya 1980, katika majimbo 48 ya Marekani yanayopakana, vinamasi vilipungua toka hektari milioni 89 hivi mpaka milioni 42 hivi. Zaidi ya nusu ilipotea, hasa kwa ajili ya mashamba.

Mwaka 1972 ilitungwa sheria ya maji safi. Anayetaka kufukia kinamasi kilichomo katika sheria hiyo ili ajenge, sharti aombe ruhusa kwa wahandisi wa jeshi. Baadaye Serikali ya Rais George H. W. Bush, iliyoanza mwaka 1989, ilijiwekea shabaha: jumla ya vinamasi isipungue tena. Mjenzi aamriwa mambo matatu kwa taratibu. Kwanza, aepe kuharibu. Pili, kama hawezi kuepa, apunguze hasara. Tatu, hasara iliyobaki ailipe.

Hapo ndipo zilipotokea benki za vinamasi. Mtu au kampuni hutwaa kinamasi kilichokaushwa zamani, huziba mifereji, hurudisha maji, hupanda miti na majani ya asili. Wakubwa wa Serikali huja kupima. Kazi ikifaa, mwenye benki hupewa hati za kuuza, kidogo kidogo kadiri kazi inavyoendelea. Mjenzi hununua hati hizo, na wajibu wake wahamia kwa mwenye benki. Nchi ile yafungwa kwa sheria, isijengwe tena.

Tuwe watu wa haki: mpango huu una faida. Zamani kila mjenzi aliahidi kutengeneza kinamasi chake kidogo. Mwaka 2001 wataalamu wa Baraza la Taifa la Utafiti walionyesha kwamba shabaha haikufikiwa. Kazi nyingine zilizoahidiwa hazikufanywa kabisa. Ndiyo maana amri ya mwaka 2008 ilizitanguliza benki, kwa sababu mara nyingi kazi yao huanza kabla ya hasara. Afadhali malipo yaliyokwisha kuonekana kuliko ahadi ya mdomo.

Lakini angalieni. Nani analipwa? Mwaka 2006 J. B. Ruhl na James Salzman walichunguza benki za Florida, wakaona kwamba vinamasi vilikuwa vikihama toka karibu na miji kwenda mashamba. Kinamasi si kama franka, itokayo mfuko huu na kuingia mfuko ule bila kubadilika. Chafanya kazi mahali pake. Mama wa mjini ambaye nyumba yake yaingia maji hapati faida ya sifongo iliyo mbali naye.

Tena, analipwa nini? Majani huota upesi. Msitu wa kinamasi wataka miaka makumi kukomaa, na udongo wake mweusi wa majani yaliyooza wataka karne nyingi. Hati ya leo haiwezi kuwa sawa kabisa na kazi ya karne.

Hatari kubwa imo moyoni. Mwenye fedha aweza kuruka amri ya kwanza na ya pili, akaikimbilia ya tatu: "Nitaharibu, kwa kuwa ninayo bei yake." Hapo malipo yageuka kuwa tiketi. Kulipa deni ni tendo la haki. Kununua ruhusa ya kuumiza ni biashara tu, hata kama fedha ni zile zile.

Wala tusidhani kwamba sheria yamaliza neno. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Sackett, ilipunguza vinamasi vinavyolindwa na sheria ile ya 1972. Vingine vyaweza sasa kufukiwa bila sheria hiyo kudai malipo. Je, maji ya mafuriko yatasoma hukumu? Deni la sheria laweza kufutwa. Deni kwa jirani labaki.

Basi tujibu swali letu. Hasara ya hapa yaweza kulipwa kwa wema wa kule, ikiwa kweli haikuepukika, ikiwa kinacholipwa chafanana na kilichopotea, na ikiwa malipo yamfikia yule aliyeumizwa. Moja likikosa, hesabu ya daftari yaweza kuwa sawa, na haki isiwepo. Kwa hiyo, anayeshika jembe au tingatinga aulize kwanza nani anakaa chini ya mto, ndipo aulize bei.