Msafiri Maskini: Maisha ya Njiani na Deni la Nyumbani

Wahenga wetu walimtazama msafiri kwa macho mawili yasiyopatana. Kwa jicho moja walinena kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure, kwani anayetembea huenda akaokota. Kwa jicho la pili walinena kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Kauli zote mbili tumezirithi, nazo tunazitumia kila moja kwa wakati wake bila ya kuzikutanisha zikajibizana. Leo nataka kuzikutanisha, na uwanja niliouchagua ni maisha ya wanamuziki wa ziara: wale walalao mji huu na kuamkia mji ule, ambao riziki yao imo ndani ya mkoba wa gitaa. Je, mtu aliyeifanya safari kuwa kazi hujengwa na njia, ama huliwa nayo? Na aliyejengwa na njia, ana deni kwa nani?

Swali hili sikulitoa kitabuni. Lilinijia hapa Baleni, chini ya minazi na mikorosho, nami nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita. Mwaka 1986 jirani yetu, mkubwa wangu kwa miaka sita, alishuka Kilindoni akapanda jahazi kwenda Dar es Salaam, amebeba gitaa lisilokuwa lake. Akapata nafasi katika bendi ya dansi, na bendi hiyo ikamzungusha Morogoro, Dodoma, Tabora na Mwanza, hata ikamvusha Namanga hadi Nairobi. Mama yake alibaki. Bibi yule hakujua kusoma, na kwa kuwa nyumba zetu zilitazamana, mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa barua zake. Nitaeleza baadaye nilichokifanya katika kazi hiyo, kwani ndicho kilichonifanya niandike.

Tuanze na jicho la kwanza, lile la sifa. Hapana shaka kwamba safari imewainua watu wa muziki katika pwani yetu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, alivuka bahari mwaka 1928 pamoja na wenziwe hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti ya Kiswahili ikarudi katika sahani zilizouzwa pwani nzima. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alikimbia kwao katika ujana wake akikwepa kuozwa, akatembea pwani na bara akiimba. Mwaka 2005, akiwa bibi kizee, alipewa tuzo ya WOMEX mbele ya watu wa muziki wa dunia. Wanawake hawa wawili wasingaliondoka, tungalikuwa na nini cha kujivunia?

Hapa nataka msomaji anione ninavyosita. Kwani tukisema kwamba msafiri ana deni la kurudi nyumbani, tutamwambia nini Bi Kidude, ambaye nyumba aliyoikimbia ilimtaka anyamaze na aolewe? Si kila nyumba inadai kwa haki. Zipo nyumba ambazo kuziacha ndiyo heshima ya mtu. Kwa hiyo neno "kwao" peke yake halitoshi kuwa msingi wa hukumu. Itatupasa tutafute deni lililo jembamba zaidi, lisilomfunga mtu asiyestahili kufungwa.

Safari pia ni chuo. Watu wengi hudhani kwamba ziara humfundisha mpiga gitaa kupiga gitaa. Hilo alikwisha kulijua kabla ya kuondoka. Njia humfundisha mengine: kukarabati amplifaya iliyozima saa mbili kabla ya dansi, kuhesabu mapato ya mlangoni mbele ya watu wenye njaa, kumsoma dereva aliyelewa, kuomba radhi kwa lugha ya wenyeji. Na zaidi ya yote humfundisha kuwa mgeni, na kuwa mgeni ni adabu kamili. Ngoma za beni, zilizochipuka miji ya pwani kama Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 kisha zikaenea hadi bara, zililijua jambo hili. Mtu wa Marini au wa Arinoti aliyefika mji asiomjua mtu aliwatafuta wa chama chake, wakampokea. Naye, wageni walipofika mjini kwake, ilikuwa zamu yake.

Miaka michache iliyopita mgeni aliyekuja kisiwani kwetu kuogelea na papa potwe aliniachia kitabu cha Kiingereza. Kilikuwa shajara ya Henry Rollins, mwimbaji wa bendi ya Black Flag ya California, aliyoiandika kati ya mwaka 1981 na 1986 wakiwa njiani. Nilikisoma polepole, kama ninavyosoma kila kitu, kwa kuwa mwalimu wangu wa Kiingereza alikuwa kamusi. Muziki wao unaitwa panki. Ni roki ya makelele na ya haraka, iliyoibuka New York na London katikati ya miaka ya 1970. Sitadai kwamba masikio yangu yaliyolelewa na udi na fidla yameupenda. Lakini maisha niliyoyasoma mle niliyatambua mara moja: gari moja bovu, vijana wamebanana na spika, chakula kidogo, usingizi sakafuni kwa mtu aliyewaonea huruma, na kesho yake mji mwingine.

Watu wa panki waliliongezea jambo hili fikra ambayo sisi tungefaa kuitazama. Bendi ya Fugazi ya Washington, iliyoanza mwaka 1987, ilipiga maonyesho zaidi ya elfu moja hadi mwaka 2002, na desturi yao ilikuwa kiingilio kisizidi dola tano au karibu na hapo, na mlango uwe wazi kwa vijana wa umri wote. Mikataba yao waliipanga wenyewe, gari waliliendesha wenyewe, na rekodi zao zilitolewa na kampuni ya mmoja wao. Maana yake ni kwamba njia ilikuwa ndefu na ngumu, lakini ilikuwa yao. Waliozaliwa na mtindo huo wakawa mafundi wa sauti, wachapaji na waandalizi wa maonyesho, wengine walimu. Wengi wao muziki haukuwatajirisha, ila uliwaachia ufundi mikononi.

Sasa jicho la pili. Njia hula. Mbaraka Mwinshehe, mwana wa Morogoro aliyefika hadi Japani kwenye maonyesho ya Osaka ya mwaka 1970, alifariki mwaka 1979 katika ajali ya gari huko Kenya, hajatimiza miaka thelathini na mitano. Ramones wa New York, baba wa panki, walipiga maonyesho zaidi ya 2,200 katika miaka ishirini na miwili hadi mwaka 1996, na inajulikana kwamba wawili kati yao walikaa miaka mingi gari moja bila ya kusemezana. Fikiri, msomaji mpenzi: kukaa bega kwa bega na mtu usiyesema naye, mchana ndani ya gari, usiku jukwaani, nawe unalipwa kwa kuonekana umoja! Hapo ndipo msafiri anapokuwa maskini ajapokuwa sultani.

Tena kuna umaskini wa hakika, ule wa mfukoni. Marehemu Muhidin Maalim Gurumo, mzaliwa wa Kisarawe katika mkoa wetu huu wa Pwani, aliimba kwa takriban nusu karne. Alikuwamo NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Akaenda Mlimani Park mwaka 1978, akaenda Safari Sound mwaka 1985, kisha akarejea Msondo. Alipostaafu mwaka 2013, kijana Diamond Platnumz alimzawadia gari. Nchi nzima ilishangilia, nami nilishangilia. Kisha usiku nikajiuliza: ikiwa mtu aliyetuimbia miaka hamsini anapewa gari kwa hisani ya kijana, ujira wake ulikwenda wapi? Mzee Gurumo alifariki Aprili 2014.

Jibu moja limo katika neno ambalo kila mwanamuziki wa dansi analijua: mwenye vyombo. Katika nchi yetu gitaa, ngoma na spika aghalabu vilikuwa mali ya shirika, chama au tajiri, na mpigaji alikuwa mwajiriwa. Akihama, huhama mikono mitupu, na ndiyo maana wahamaji walikuwa wengi: mtu asiyemiliki kitu hana kinachomzuia akiahidiwa nyongeza kidogo. Nikilinganisha na wale vijana wa Washington, naona kwamba kilomita zao na zetu zilifanana, ila wao mapato ya mlangoni waliyahesabu wenyewe. Kwa hiyo njia yenyewe haimfukarishi mtu. Humfukarisha kusafiri juu ya chombo cha mwingine maisha yake yote.

Hata hivyo nisiwatupie lawama wenye vyombo peke yao, kwani hasara yao nayo ilikuwa ya kweli, na bila ya spika zao tusingalisikia kitu. Sisi wasikilizaji tumo. Tumecheza harusini kwa nyimbo ambazo hatukuzilipia, tukanunua kanda za kunakili, tukasema "huyu ni wetu". Mtu akiwa wetu hatumlipi. Tunampigia makofi tu.

Nimebakisha deni la nyumbani, na hapa lazima nitubu hadharani. Mwaka wa pili wa safari ya jirani yangu ilikuja barua fupi. Ilisema asisubiriwe Idi hiyo wala Idi ijayo, kwamba hajui atarudi lini, na kwamba sehemu yake ya minazi iuzwe apelekewe fedha. Mama yake alikuwa ameketi mbele yangu, amefunga kanga kichwani, anatazama midomo yangu. Nilisoma kwamba mwanawe anamsalimu, anamkumbuka, na atakuja Idi. Mimi leo naitwa mfasiri. Tafsiri yangu ya kwanza ilikuwa ya uongo.

Bibi yule alinunua mchele, akapaka nyumba chokaa. Siku ya Idi aliketi barazani akiielekea njia ya Kilindoni tangu asubuhi hadi adhana ya magharibi. Nilipompelekea chakula hakunilaumu. Alisema tu: "Mwanangu, barua ile ilitoka mbali. Labda ilichoka njiani." Mpaka leo sijui kama alikuwa amejua. Alifariki mwaka 2004, na minazi haikuuzwa.

Jirani yangu alirejea mwaka 2009, kifua kimeharibika na mkono wa kushoto umekakamaa vidole. Bendi ilikwisha kuvunjika zamani. Ule ufundi wa kuponya amplifaya njiani ndio uliompa kula: aliketi chini ya mkorosho akitengeneza redio, na baadaye taa za jua, na watoto wa Baleni walimzunguka wakajifunza. Siku moja nilimweleza habari ya barua. Alinyamaza kitambo, akisafisha waya kwa wembe. Kisha akasema: "Ndugu yangu, mimi nilimnyima mama mwana, wewe ukamnyima habari. Nani alimwibia zaidi?"

Nimelifikiri swali hilo kwa miaka mingi, na nadhani ndipo deni jembamba nililolitafuta lilipo. Kuondoka kwake hakukuwa dhambi. Bi Kidude hakukosea kuondoka, wala Siti, wala kijana wa gitaa lisilo lake. Msafiri hadaiwi mwili wake. Anachodaiwa ni ukweli wa nia yake, kwani anayengoja ana haki ya kujua anangoja nini. Jirani yangu, kwa ukali wa barua yake, deni hilo alilitimiza. Aliandika kwamba haji. Mimi niliyebaki nyumbani, niliyejiona mwema kwa kuwa sikwenda popote, ndimi niliyemzuilia bibi yule haki yake. Kama angaliujua ukweli, angalilia siku tatu, akaipaka nyumba chokaa kwa ajili yake mwenyewe.

Na deni hili halimhusu msafiri peke yake. Mwenye vyombo anamdaiwa mpigaji ukweli wa hesabu. Msikilizaji anamdaiwa mwimbaji ukweli wa bei: kwamba wimbo ni kazi, nayo kazi ina ujira. Wenzi wa gari moja wanadaiana neno moja la kweli kwa siku, hata likiwa chungu, maana wasiposemezana hawatoshi kuitwa bendi. Njia huweza kumjenga mtu pale tu ambapo kila anayeishika, na kila anayeachwa nyuma yake, anajua mambo yalivyo.

Jirani yangu naye ametangulia mbele ya haki. Gitaa limo nyumbani kwangu, halina nyuzi mbili, na vijana huja kuliazima. Kila anayeliazima namwambia aseme atalirudisha lini, na kama hatalirudisha aseme pia. Nilimtungia marehemu ubeti mmoja, nao nauacha hapa kwa wapenzi wa ushairi, wauone kasoro zake na wausamehe:

Nimeketi barazani, mashua naitazama,
Waliokwenda ngomani, hawakurejea nyuma,
Wamelala ugenini, kwao wamewacha mama,
Safari ni njia njema, deni lake ni ukweli.