Mkono Uliokwisha Kuamua

Katika Mtaa wa Banbury, jijini Birmingham, limo jengo la matofali ambalo taasisi yake iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813 ili kuijaribu mitutu ya bunduki kabla haijauzwa. Mtutu hushindiliwa baruti yenye nguvu kupita ile utakayokutana nayo katika matumizi ya kawaida, kisha hufyatuliwa. Ukipasuka, umekataliwa, ukistahimili, hugongwa muhuri. Mji huu, ambao bunduki zake ziliwahi kusafirishwa kwa wingi hadi Afrika Magharibi kulipia watumwa, uliona mapema kwamba chombo cha kuua hakiaminiki mpaka kibanwe kupita kiasi. Je, mkono unaokishika chombo hicho nao hujaribiwaje?

Katika Birmingham ya leo swali hilo halina pa kujibiwa, angalau kwa raia. Tarehe 13 Machi 1996, huko Dunblane, Uskoti, mtu aliyemiliki bastola zake kwa kibali aliwaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata Bunge lilipiga marufuku takriban bastola zote. Hata kabla ya hapo, kujilinda hakukuwa tena sababu inayokubalika ya kupewa kibali katika Uingereza, Uskoti na Wales; Ireland ya Kaskazini, kwa historia yake, ina utaratibu wake. Mkenya wa Small Heath au Sparkbrook anayeogopa njia ya kurudi nyumbani usiku hawezi kujifunza kuichomoa bastola kiunoni. Binamu yake wa Nairobi anaweza kuomba leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na wako walioipata.

Baadhi yao walionekana na dunia nzima tarehe 21 Septemba 2013. Miongoni mwa watu wa kwanza kuingia Westgate kuwakabili washambuliaji walikuwamo polisi wachache waliovaa nguo za kiraia, na raia wenye bastola zao, wengine wakiwa na mazoea ya kulenga shabaha pamoja. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa seneta wa Garissa, alifika baada ya kupata ujumbe wa ndugu yake aliyenaswa ndani. Picha ya Goran Tomasevic wa Reuters inamwonyesha akimnyooshea mkono mtoto mdogo wa kike anayemkimbilia. Watu 67 waliuawa katika shambulio hilo. Pia iliripotiwa kwamba ofisa wa kikosi cha Recce aliangushwa na risasi za wanajeshi waliokuja kuchukua nafasi yao.

Habari hiyo ya mwisho ndiyo inayoisumbua falsafa. Mtu aliyeshikwa na hofu ya kufa moyo humwenda mbio, macho huona kama kupitia tundu, masikio huziba, vidole hupoteza wepesi. Mwaka 1983 polisi wa Salt Lake City, Dennis Tueller, alionyesha kwamba mwenye kisu hukata futi 21 kwa takriban sekunde moja na nusu, muda uleule anaouhitaji mtu kuchomoa bastola na kulenga. Katika muda huo hakuna kutafakari. Kwa hiyo mazoezi ya bastola chini ya taharuki hukusudia jambo moja: kuuondoa uamuzi akilini na kuutia mkononi. Mwanafunzi hukimbizwa mpaka ahemee, hupigiwa kelele, huamriwa kubadilisha magazini gizani, mara mia na mara elfu, mpaka kitendo kisimsubiri.

Sheria ya Uingereza humhurumia aliyebanwa. Katika kesi ya Palmer, iliyotoka Jamaika na kuamuliwa na Privy Council mwaka 1971, ilikubaliwa kwamba anayejitetea hawezi kupima kwa mizani sawasawa kiasi cha nguvu anachohitaji. Wazo hilo likaingizwa katika sheria ya mwaka 2008. Huruma hiyo ina haki yake. Lakini inamfaa zaidi asiyejiandaa. Aliyejizoeza alipata wasaa wa kupima, miezi kabla, akiwa na kikombe cha chai mkononi: alichagua ni ishara gani itakayoufanya mkono wake uende.

Aristotle anataja sheria iliyomwadhibu mlevi mara mbili, kwa sababu kutolewa kwake hakukuwa nje ya uwezo wake. Mlinganisho huu utawaudhi wenye leseni, na kwa kiasi wana haki: mlevi ameizima akili yake, wao wanadai kuinoa. Hata hivyo wote wawili huwajibika kwa kitendo cha sekunde moja kupitia mlango wa jana. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Februari 1999, jijini New York, polisi wanne wenye mafunzo walimfyatulia Amadou Diallo, kijana wa Kiguinea asiye na silaha, risasi 41, 19 zikampata. Alikuwa ametoa pochi. Mahakama iliwaachilia, ikiwatazama katika sekunde zile. Hakuna aliyeshtakiwa kwa namna mikono yao ilivyofunzwa kumsoma kijana mweusi mlangoni pake.

Basi na wachukuliwe ndugu wawili wa kubuni. Dada ni muuguzi wa Birmingham, anatoka zamu ya usiku na kupanda basi namba 11. Kaka yuko Nairobi, na kila Jumamosi huenda kulenga shabaha. Kwenye simu kaka humwambia kwamba nchi inayomnyima silaha imemwacha uchi. Dada hakatai, mwaka jana aliporwa simu kwa kisu, naye bado huota. Anauliza tu: huko uwanjani, katika karatasi mia unazozipiga, ni ngapi ulizofundishwa kutozipiga, na yule aliyechorwa juu yake anafanana na nani? Kaka anasema atamuuliza mkufunzi.