Toba Isiyopita kwa Jirani

Katika Kiswahili tuna maneno matatu ambayo mara nyingi tunayachanganya: kujuta, kuungama na kutubu. Mwizi aliyekamatwa hujuta, lakini anachokijutia ni kukamatwa. Mshtakiwa naye huweza kuungama bila kujuta hata kidogo, ili apunguziwe kifungo. Kutubu ni jambo jingine. Neno lenyewe lilitufikia kutoka Kiarabu, na asili yake ni kurudi. Manabii wa Kiebrania nao, walipowaita watu watubu, walitumia neno la kurudi. Basi anayetubu ni mtu aliyekuwa ameondoka. Ninalotaka kuuliza ni hili: anarudi kwa nani? Kwa Mungu peke yake, au pia kwa yule aliyemkosea?

Kwa mtu anayetoka Nyakiyumbu swali hili haliishii darasani. Nyakiyumbu ni kaunti ndogo ya wilaya ya Kasese, jirani na Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Makanisa hayana uhaba huko: Waanglikana, Wakatoliki, Waadventista, na wengine wanaokutana chini ya mabati manne. Kilicho haba ni ardhi. Mashamba ya miteremkoni yamebanana, kahawa ya huyu ikigusana na mihogo ya yule, na mtu akisogeza mpaka hatua mbili usiku, jirani yake amepoteza chakula cha watoto. Sasa tuseme mtu huyo anaokoka. Anasimama kanisani, analia, anasema Bwana amemsamehe dhambi zake zote, na waumini wanapiga makofi. Jirani yake yuko benchi la nyuma. Naye anapiga makofi, maana asipopiga ataonekana ana moyo mgumu. Ibada ikiisha, wote wawili wanapanda kilima kimoja kurudi nyumbani, na mpaka uko palepale uliposogezwa.

Je, mtu huyo ametubu?

Wako watakaosema ndiyo, na hoja yao ina uzito. Zaburi ya 51, ambayo mapokeo yanaihusisha na Daudi baada ya kisa cha Bathsheba, inazungumza kana kwamba aliyekosewa ni Mungu pekee. Mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Yesu hakurudisha chochote; mikono yake ilikuwa imepigiliwa. Tukidai malipo kabla ya msamaha, wanasema, tumeigeuza neema kuwa duka. Nakubali kwamba neema hainunuliwi. Lakini Daudi hakuwa na Uria wa kumwendea, kwa sababu alikuwa amekwisha kumuua, na mnyang'anyi yule alikuwa na saa chache tu za kuishi. Mtu wetu wa Nyakiyumbu ana mikono, ana jembe, na jirani yake yu hai. Kumlinganisha na aliyeko msalabani ni kumwonea huruma asiyoihitaji. Wa kumlinganisha naye ni Zakayo, ambaye Luka anasimulia kwamba, Yesu alipoingia nyumbani kwake, aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Hakuambiwa afanye hivyo. Wokovu ulikuwa umekwisha kubisha hodi, na mkono wake ukafunguka wenyewe. Malipo yale hayakuwa bei. Yalikuwa dalili kwamba mtu amegeuka kweli.

Wazee wetu wa imani katika Afrika Mashariki waliliona hili bila kusubiri wanateolojia. Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church alikutana na Simeoni Nsibambi katika kilima cha Namirembe, Kampala, wakaomba na kusoma Maandiko pamoja. Katika miaka ya 1930 Uamsho ulilipuka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Waliouitikia, Balokole, waliungama hadharani, na wengi wao walienda mbali zaidi: walirudisha vitu walivyoiba, walilipa madeni, waliwaendea watu waliokuwa hawasalimiani nao. Ni rahisi kuucheka Uamsho kwa kelele zake. Mimi naona kwamba mtu anayetembea maili kadhaa kurudisha kitu ambacho mwenyewe alikwisha kukisahau amefahamu toba kuliko wengi wanaoifundisha.

Hata hivyo, kuungama hadharani kuna mtego wake. Machozi ya mimbarani yanaweza kuwa vazi jipya la kiburi: mtu anasimulia uzinzi wake kwa madaha, kila mara ukiwa mkubwa kidogo, na mwanamke aliyehusika, ambaye hakuulizwa, anatambuliwa na kijiji kizima. Hapo mwenye dhambi amepata ushuhuda, na aliyekosewa ameongezewa aibu. Wakatoliki, wanaoungama faraghani na kupewa malipizi, wameuepuka mtego huo. Lakini mtego wa pili umewangoja, yaani kudhani kwamba sala chache zimemaliza deni la shamba. Njia zote mbili zinaweza kumfikisha mtu kwa Mungu huku akimzunguka jirani.

Nitoke kanisani kidogo. Mwaka 2000 Uganda ilipitisha sheria ya msamaha kwa waliobeba silaha dhidi ya serikali. Mwasi alitakiwa ajisalimishe, aukane uasi na kukabidhi silaha, naye hakushtakiwa. Sheria hiyo iliokoa maisha ya wengi, hasa vijana waliotekwa wakiwa watoto, na siungani na wanaoibeza. Kasese iliihitaji: waasi wa ADF walishambulia Mpondwe Novemba 1996, na kwa miaka kadhaa watu wa milimani walilala nje ya nyumba zao. Lakini tuangalie sheria hiyo iliomba nini. Iliomba mtu arudi kwa serikali. Haikumtaka aende kwa mama ambaye mwanawe hakurudi. Kwa dola hilo linatosha, kwa kuwa kazi ya dola ni kunyamazisha bunduki. Tatizo linaanza pale sisi Wakristo tunapoifanya toba yetu ifanane na sheria hiyo: jisalimishe mbele, kiri, pokea cheti, keti.

Kilimanjaro, Wachaga wana desturi ya isale. Aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani la mmea huo, na kwa mila si rahisi kulikataa. (Mmea wa jamii hiyo hiyo hupandwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki kuonyesha mpaka wa shamba, sijui kama kuna picha nzuri zaidi ya jambo hili.) Ninachokipenda katika isale ni kwamba lazima lipelekwe. Halitumwi mbinguni likapita juu ya paa la jirani.

Kinachonisumbua ni kule kutoweza kulikataa. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, washambuliaji wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa bwenini. Kutoka Nyakiyumbu si mbali. Tangu siku hiyo ni kawaida kusikia wafiwa wakihimizwa wasamehe. Mfano wa Askofu Festo Kivengere wa Kigezi hutajwa: aliikimbia Uganda mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, kisha akaandika kitabu kutangaza kwamba anampenda Idi Amin. Amin hakuwahi kuomba radhi hadharani hadi alipofariki Saudia mwaka 2003. Msamaha wa Kivengere ulikuwa mkubwa, tena ulikuwa wake. Aliutoa mwenyewe baada ya kupambana na uchungu wake. Hakuna aliyemsimamia na saa mkononi.

Hapa ndipo ninapouona unyenyekevu ambao toba ya Kikristo inadai, nao si kuinamisha kichwa wala kuvaa gunia. Kwa Mungu mtu anakwenda akiwa ameahidiwa kupokelewa. Baba wa mwana mpotevu alimkimbilia mwanawe alipokuwa bado mbali. Kwa binadamu hana ahadi hiyo. Anakwenda mikono mitupu, bila haki ya kudai chochote, na aliyeumizwa anaweza kumwambia atoke. Huenda ndiyo sababu tunapenda kutubu kwa Mungu peke yake: jibu lake tunalijua.

Siku moja huenda mmoja wa waliokuwa msituni akashuka Mpondwe, akiwa ameokoka kweli, akaulizia nyumba ya mzazi wa mmoja wa watoto wale. Mchungaji atakayeandamana naye atatamani kumwambia mzazi huyo asamehe leo, mbele ya mashahidi. Afadhali mchungaji abaki njiani. Mgeni abishe hodi mwenyewe, aseme aliyoyafanya kwa majina yake, na mlango ukifungwa asiuite moyo mgumu. Kuna kuni za kupasua katika nyumba ambayo kijana wake hayupo, na maji ya kuteka, na anaweza kuuliza kesho yake, akiwa amesimama nje, kama ataruhusiwa.