Nia na Mwanzo wa Tendo Gumu: Mtazamo wa Kimaadili kuhusu Kupunguza Uzito

Falsafa ya maadili imehangaika kwa muda mrefu na swali la mwanzo wa tendo gumu, yaani ni kitu gani hasa kinachomtoa mtu katika kujua kwamba jambo fulani lina manufaa kwake na kumwingiza katika kulitenda. Swali hilo humkabili kwa uzito wa pekee mtu mwenye unene uliopitiliza, hali ambayo Shirika la Afya Duniani huitambua kwa mtu mzima pale uzito wake kwa kilo, ukigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita, unapofikia 30 au zaidi. Mtu huyo kwa kawaida hakosi maarifa, kwa kuwa ameshaelezwa na daktari juu ya kisukari na shinikizo la damu, magoti yanamuuma kila apandapo ngazi, na pengine ameapa zaidi ya mara moja kwamba Jumatatu ijayo ndiyo siku yenyewe. Anachodai kukikosa ni hamasa, na kwa sababu anaamini kwamba hisia hutangulia tendo, huisubiri ije yenyewe. Imani hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa, kwani mafunzo ya kale ya kidini na ya kifalsafa yanaelekea upande mwingine: tendo gumu huanzishwa na nia iliyo ndogo, yenye wakati wake na inayofanywa upya, wala halihitaji kungoja hamasa.

Aristotle, mwanafalsafa Myunani wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alikijadili katika kitabu cha 7 cha Maadili ya Nikomako kile Wayunani walichokiita akrasia, yaani hali ya mtu kutenda kinyume cha kile ambacho yeye mwenyewe anakijua kuwa bora. Hata hivyo, msaada mkubwa zaidi kwa swali la mwanzo unapatikana katika kitabu cha 3, ambamo alitenganisha matakwa na uteuzi. Matakwa, kwa maelezo yake, huelekea kwenye lengo na yanaweza hata kuhusu yasiyowezekana, ilhali uteuzi huelekea kwenye njia na huhusu yale tu yaliyo katika uwezo wa mtendaji. Ndiyo maana mtu hutaka afya, lakini huteua yale yatakayomletea afya. Kwa mujibu wa tofauti hiyo, kupunguza kilo 40 ni jambo la kutakwa, kwa kuwa hakuna saa ya siku ambayo mtu anaweza kulitenda, wakati kunywa chai bila sukari asubuhi ya kesho ni jambo la kuteuliwa. Anayelalamika kwamba hana hamasa mara nyingi ana matakwa makali mno, ila bado hajateua kitu chochote.

Uteuzi nao haumalizi tatizo, kwa sababu nafsi inaweza kuteua na papo hapo kujipinga. Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa Afrika ya Kaskazini mwaka 354, alieleza katika kitabu cha 8 cha Maungamo yake jinsi alivyomwomba Mungu usafi wa maisha huku akitamani ombi hilo licheleweshwe, na katika kitabu cha 10 alikiri kwamba, ingawa alijifunza kukichukua chakula kama dawa, mtego ulimvizia katika ile njia fupi iliyo kati ya njaa na shibe. Uchunguzi huo una thamani kwa sababu unaonyesha kwamba nafsi haishindwi mbele ya uamuzi mkubwa peke yake, bali pia mbele ya kijiko cha pili cha mchuzi, wakati ambapo mpaka kati ya haja na tamaa hauonekani tena.

Fiqhi ya Kiislamu, yaani elimu ya hukumu za ibada na maingiliano ya watu, inatoa njia ya kuuweka mpaka huo mapema. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, saumu ya Ramadhani haisihi bila nia, na nia hiyo hutakiwa kuwekwa kila usiku kabla ya alfajiri kwa ajili ya siku inayofuata, tofauti na madhehebu ya Malik ambayo huruhusu nia moja kwa mwezi mzima. Msingi wa hukumu ya Shafi ni kwamba kila siku ni ibada inayojitegemea, na msingi huo una matokeo mawili yenye uzito kwa swali linalojadiliwa. Kwanza, anayefunga hatakiwi kuubeba mwezi mzima moyoni, kwa kuwa usiku wa leo unamdai siku ya kesho tu. Pili, siku moja ikiharibika haziharibiki zile zilizotangulia, bali hulipwa baadaye. Na aliyefungua makusudi bila udhuru analazimika kujizuia saa zilizobaki hadi magharibi, ijapokuwa saumu yake imeshabatilika. Hukumu hii ya mwisho inagongana moja kwa moja na mantiki inayowaangusha wengi katika kupunguza uzito, ile ya kusema kwamba, kwa kuwa andazi la asubuhi limeshaliwa, siku imeshakwenda na maji, hivyo hakuna ubaya kumalizia na chipsi mayai usiku.

Pingamizi la wazi ni kwamba Ramadhani yenyewe si dawa ya unene, kwani wapo wanaoumaliza mwezi wakiwa wameongezeka uzito kutokana na futari ya viazi vya nazi, sambusa na kaimati zilizochovywa kwenye shira. Pingamizi hilo ni la kweli, lakini linaitia nguvu hoja badala ya kuivunja. Mtu yule yule anayeweza kukaa tangu alfajiri hadi magharibi bila tone la maji hushindwa kuacha soda moja baada ya Idi, na hawezi kuambiwa kwamba hana nguvu ya kujizuia. Kilichobadilika ni kwamba saumu ina tendo lililotajwa, mwanzo na mwisho unaojulikana, na jamii inayolitenda pamoja naye, ilhali azma yake ya kupungua haina hata kimoja kati ya hivyo. Nia hutengeneza kile ilichokusudia tu, na aliyekusudia kufunga amepata saumu yake.

Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbali zaidi katika sehemu ya Ihya Ulum al-Din inayohusu kuvunja matamanio mawili, yaani ya tumbo na ya utupu. Alionya dhidi ya kupunguza chakula kwa mkupuo, akashauri kwamba anayekula mikate miwili na anataka kubaki na mmoja apunguze kila siku sehemu moja kati ya 28 au 30 za mkate, ili afikie lengo baada ya mwezi bila madhara. Kipande hicho ni kidogo kiasi kwamba mlaji hawezi kukihisi tumboni, na hapo ndipo ulipo uzito wa ushauri wenyewe, kwa kuwa hatua isiyoamsha upinzani wa nafsi haihitaji hamasa ya kuushinda. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliowahusisha watu zaidi ya 3,000 waliokuwa katika hatari ya kisukari cha aina ya pili, unakubaliana na mwelekeo huo: waliowekewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao na kufanya mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, kwa dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kupata ugonjwa huo kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa mtu wa kilo 110, asilimia hiyo 7 ya uzito haifiki kilo 8.

Mafunzo haya yana hatari yake, nayo ni kuugeuza unene kuwa dhambi na mnene kuwa mlafi. Sayansi ya mwili inalikataza jambo hilo, kwa kuwa urithi, baadhi ya dawa na maradhi huchangia uzito, na mwili uliopungua hujitetea: leptini, homoni inayoujulisha ubongo kuhusu akiba ya mafuta, hushuka, na njaa huongezeka. Kwa hiyo anayeongeza chakula baada ya miezi ya juhudi huenda anapambana na mwili wake na si tabia yake peke yake, na kumuona daktari au kutumia dawa hakupunguzi chochote katika ukweli wa nia yake.

Vilevile nia ya mtu mmoja hukutana na watu wengine. Katika nyumba ambamo wali huliwa kwenye sinia moja, anayenawa mikono mapema huulizwa mbona hali, na mwenyeji huona amedharauliwa. Aidha, katika jamii zilizoshuhudia UKIMWI ukiwakondesha watu, hata Uganda ugonjwa ukaitwa slim, kupungua ghafla bado huzua minong'ono. Ikiwa saumu hurahisishwa na jamii inayofunga pamoja, basi anayepika, anayepakua na anayekaribisha wanashiriki katika kufaulu au kushindwa kwa anayeanza, na lawama haiwezi kuwekwa yote begani kwake.

Inafuata kwamba swali la jinsi ya kupata hamasa limeulizwa mahali pasipo pake. Hisia hiyo hupanda na kushuka, na mara nyingi huja baada ya tendo kuzoeleka. Linalomhusu anayeanza ni lile aliloteua usiku kwa ajili ya kesho, likiwa dogo la kutosha kutendeka na wazi la kutosha kujulikana kama limetendeka. Madhehebu ya Shafi yana hata nafasi kwa aliyechelewa, kwani nia ya saumu ya sunna, yaani ya hiari, huweza kuwekwa kabla ya jua kupinduka adhuhuri, alimradi mtu hajala wala kunywa tangu alfajiri. Na fiqhi iliyokubali siku ianzwe katikati haimwachi mtu kisingizio cha kungoja Jumatatu.