Ulimi Hauna Kosa

Mbona vyakula vyenye madhara ndivyo vitamu? Swali hili huulizwa kama utani, lakini nadhani lina uzito. Pita Ngamiani, Tanga mjini, jioni: chipsi mayai, kachori, mihogo ya kukaanga. Foleni iko hapo. Mchicha wa kuchemsha haujawahi kupangiwa foleni na mtu.

Jibu la kwanza liko mwilini. Gramu 1 ya mafuta hutoa kalori 9 hivi, ya wanga hutoa 4. Kwa binadamu wa kale, ambaye hakujua kesho atakula nini, kupenda mafuta na sukari ilikuwa akili. Sisi ni wajukuu wa waliopenda. Ulimi ulifundwa na njaa, sasa unaishi mjini.

Jibu hilo ni kweli, ila halinitoshi. Katika Gorgias, Plato anamfanya Socrates aseme kwamba mpishi na daktari wakishindana mbele ya watoto, daktari atakufa njaa. Yaani mpishi hubembeleza tu, daktari ndiye anayetutakia heri. Hapo nampinga. Majani mabichi ya muhogo yana sumu. Watu wa pwani wakayatwanga, wakayachemsha sana, wakayaunga kwa tui, tukapata kisamvu. Hapo nani mpishi, nani daktari? Tui lina mafuta, sawa, lakini kidogo tu hulisha sahani nzima ya majani.

Tatizo, kwa maoni yangu, ni kwamba cha kubembeleza tumekipikia kwa mapenzi, na cha afya tumekipikia kama adhabu. Chukua dona. Lina virutubisho kuliko sembe, kwa sababu mahindi yake hayakukobolewa. Lakini wengi tulikutana nalo bwenini, pamoja na maharage yenye wadudu. Sembe nyeupe ikawa chakula cha nyumbani, cha mgeni, cha heshima. Tunapoonja, tunaonja na kumbukumbu, tunaonja na hadhi.

Mama yangu alipoambiwa ana kisukari, alirudi na orodha ndefu ya vitu vya kuacha. Aliisoma yote, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, hiyo miaka mnayoniongezea nitaila na nini?" Sikuwa na jibu, na bado naona ni swali la maadili kuliko la tiba. Tuna haki gani ya kumrefushia mtu maisha huku tukiyachacha?

Mama mdogo hakujibu kwa maneno. Alipika bamia na bilinganya kwa nyanya na vitunguu, akachoma samaki, akakamua ndimu. Mama hakusifu. Alisogeza sahani aongezwe.

Ndiyo maana sipendi mahubiri ya "jizuieni". Yanamlaumu kijana wa bodaboda mwenye hela kidogo na dakika kumi za kula, wakati kisamvu kinataka mtu wa kutwanga na moto wa muda mrefu. Utamu wenye afya unahitaji muda, na muda nao una bei. Anayemwambia mwenzake "acha" anadaiwa swali moja: utampikia nini, na lini?

Wahenga walituonya kuwa mchovya asali hachovyi mara moja. Mimi naisikia pia kama kazi aliyopewa mpishi: pika mchicha ambao mtu atarudi kuuchovya.