Mtoto Aliyeanguka Siku ya Kukimbia

Masomo: 2 Samweli 4:4 na 2 Samweli 9:1-13



Katika Biblia kuna mtoto mmoja mkimbizi ambaye sisi wahubiri tunampita haraka. Jina lake ni Mefiboshethi. Alikuwa na miaka mitano siku habari zilipofika kutoka Yezreeli kwamba babu yake, mfalme Sauli, na baba yake Yonathani wamekufa vitani. Yaya aliyekuwa anamlea akamnyanyua akakimbia naye. Katika mbio zile mtoto akaanguka, na tangu siku hiyo akawa kilema wa miguu yote miwili. Habari yake nzima ni mstari mmoja. Angalieni mahali ulipowekwa mstari huo: sura ya nne yote inasimulia jinsi maakida wawili walivyomwua Ishboshethi kitandani mwake. Katikati ya damu ya wakubwa, mtoto anapewa mstari mmoja, kisha mwandishi anarudi kwa wauaji. Ndivyo ilivyo hata leo. Redio inatuambia mji gani umetekwa na jenerali gani amesema nini. Mtoto aliyeanguka njiani hatajwi.

Kwanza nataka niseme na wamama. Maandiko hayamlaumu yule yaya. Hakuna neno hata moja la kumhukumu. Aliokoa uhai wa mtoto, na mtoto akaumia mikononi mwake. Mambo hayo mawili yalitokea siku moja na yote mawili ni kweli. Mwezi wa pili mwaka 2025, Bukavu ilipoanguka, makumi ya maelfu ya ndugu zetu waliingia Burundi. Wengi walivuka mto Ruzizi kwa miguu au kwa mitumbwi, na kuna waliozama. Wengine walilala siku nyingi kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo kabla ya kupelekwa Musenyi. Mama uliyemvuta mtoto kwa nguvu hadi akalia, uliyemziba mdomo ili askari wasisikie, uliyemwacha mmoja kwa jirani ili umbebe mwingine: usijihesabie hukumu ambayo Biblia haikumhesabia yaya wa Mefiboshethi.

Lakini mtoto aliumia. Hilo nalo tusilifiche.

Jeraha la mguu huonekana. Jeraha la moyo wa mtoto hujificha ndani ya mambo ambayo sisi tunayaita utundu. Mtoto wa miaka saba aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Mwingine hataki mama aende hata kisimani bila yeye. Mwingine anaamka usiku akipiga kelele, na asubuhi hakumbuki. Mwingine analalamika tumbo kila siku, na kwenye kituo cha afya hawaoni minyoo wala malaria. Mwingine amekuwa mkali, anapiga wenzake. Na mwingine, huyu ndiye tunayemsifu kwa sababu hasumbui, amenyamaza kabisa. Kuna wanaocheza vita tu, kutwa nzima, bunduki ya mti na maiti ya mchanga. Wazazi wanaogopa wanapoona mchezo huo. Mara nyingi mtoto anajaribu kusimulia kwa mikono jambo ambalo mdomo wake umeshindwa. Kaa karibu, umwulize ni nani huyo anayekimbia. Ukiona mchezo ni uleule kwa wiki nyingi, hauna mwisho, na mtoto anatoka ndani yake akiwa na hofu kuliko alivyoingia, hapo anahitaji mtu aliyefundishwa kumsaidia.

Wakati wa vita vya pili vya dunia, ndege zilipokuwa zinapiga mji wa London, wanawake wawili, Anna Freud na Dorothy Burlingham, waliendesha nyumba za kutunza watoto wadogo katika mtaa wa Hampstead. Anna mwenyewe alikuwa mkimbizi. Alitoroka Vienna na wazazi wake mwaka 1938. Waliandika kila siku waliyoyaona kwa watoto. Waliona kwamba mtoto mdogo aliyekaa na mama yake, hasa mama mwenye utulivu, aliweza kustahimili hata mlio wa mabomu, lakini mtoto aliyetengwa ghafla na mama yake aliumia sana, hata kama alilala mahali salama. Basi wakawagawa watoto katika vikundi vidogo kama familia, kila kikundi na mlezi wake mmoja asiyebadilika. Watoto walianza kulia zaidi na kugombania mlezi, ndiyo. Lakini walianza pia kusema na kukua.

Wapendwa, mlezi mmoja asiyebadilika si kitu cha wazungu wala cha matajiri. Hata ndani ya hema inawezekana mtoto alale karibu na mtu yuleyule kila usiku, ale saa ileile hata kama ni posho ya mahindi tu, na asikie wimbo uleule kabla ya kulala. Inawezekana aambiwe ukweli kwa maneno machache, kwa mfano kwamba baba amekufa, wala si kwamba amesafiri. Mtoto anayedanganywa kwamba baba amesafiri hukaa akingoja, na wadogo wengine hufikiri ndani ya mioyo yao kwamba baba hakurudi kwa sababu wao walikosea.

Sasa naingia mahali pagumu. Kuna nyumba za maombi ambako mtoto wa namna hii akiletwa huambiwa ana pepo, au hata kwamba ni mchawi aliyeleta vifo katika familia. Anafungishwa chakula siku tatu, anapigiwa kelele, pengine anachapwa ili pepo atoke. Sisi tuliotoka Kongo tunajua habari hizi vizuri, na tunajua watoto waliofukuzwa nyumbani kwa ajili ya neno la nabii mmoja. Sheria ya Kongo ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inaadhibu mtu anayemshtaki mtoto uchawi. Ni aibu kwamba serikali ilipaswa kutunga sheria juu ya jambo hili wakati Biblia ilikuwa mikononi mwetu.

Mtu ataniuliza: je, Yesu hakumtoa pepo kijana aliyekuwa anaanguka motoni na majini? Alimtoa. Lakini soma vizuri Marko 9. Kabla ya yote Yesu alimgeukia baba akamwuliza jambo hili limempata tangu lini, na baba akajibu tangu utoto. Bwana wa uzima aliuliza swali, akangoja jibu. Hakumpiga kijana, hakumfungisha, na mwishoni alimshika mkono akamwinua. Soma pia Mathayo 4:24. Pale wenye pepo wametajwa peke yao, wenye kifafa peke yao, wenye kupooza peke yao. Mathayo alijua kwamba si kila anayeanguka ana pepo. Anayechanganya hayo yote kuwa kitu kimoja amejiwekea fundisho ambalo Injili haina.

Turudi kwa Mefiboshethi. Miaka imepita, Daudi ni mfalme. Anauliza kama kuna aliyebaki wa nyumba ya Sauli, apate kumtendea wema kwa ajili ya Yonathani. Haingoji familia ije kuomba. Na mtu aliyejua yuko wapi ni mtumishi Siba: anajua nyumba, anajua mji, anajua na miguu imekuwaje. Katika kanisa letu akina Siba ni walimu wa Shule ya Jumapili. Wao ndio wanaojua ni mtoto gani haimbi tena, na ni yupi anajificha chini ya benchi pikipiki ikipita kwa kishindo. Mwalimu asimtangaze mtoto mbele ya kanisa. Aende nyumbani, azungumze na mzazi taratibu. Namna ile Siba alivyofanya baadaye kwa mali ya bwana wake ni habari nyingine, na siwaombi mumfuate huko.

Mtoto yule alikuwa anakaa Lodebari, nyumbani kwa Makiri mwana wa Amieli. Tungesema leo familia iliyompokea. Sijawahi kusikia mahubiri juu ya Makiri, na ni hasara, kwa sababu mbele kidogo, katika 2 Samweli 17, Daudi mwenyewe anakuwa mkimbizi mbele ya mwanawe Absalomu, na kati ya watu watatu wanaomletea vitanda, vyombo na nafaka, mmoja ni huyuhuyu Makiri. Ninyi mnaolea watoto wasio wenu, waliokuja na msafara bila mtu, Biblia inalijua jina lenu.

Alipofika mbele ya mfalme, Mefiboshethi alijiita mbwa mfu. Miaka ya kujificha ilikuwa imemfundisha jina hilo. Sikilizeni watoto wenu wanavyojitaja. Mtoto anayesema mimi ni mzigo, au heri ningebaki mtoni, msimkemee kwamba anamkufuru Mungu. Msiache usiku upite kabla ya kumtafutia msaada.

Na msaada upo. Kwenda kwa mshauri si kumkana Mungu. Mchungaji David Niyonzima wa Kanisa la Marafiki, wale wanaoitwa Wakweka, alinusurika mwaka 1993 wakati wanafunzi wake walipouawa huko Kwibuka. Baadaye alisomea ushauri wa majeraha ya moyo, na mwaka 2000 akaanzisha hapa Burundi shirika la THARS kwa kazi hiyo. Ni mchungaji aliyeomba, na aliyeona pia kwamba maombi yake yanahitaji elimu pembeni.

Kamenge, si mbali na Mutanga Nord, kuna kituo cha magonjwa ya akili na ya mishipa ya fahamu, kinachoendeshwa na watawa wa Kikatoliki wa shirika la Frères de la Charité tangu mwaka 1981. Waliotoka Bukavu wanawafahamu watawa haohao kwa kazi yao ya SOSAME. Watu wanacheka wakisikia Kamenge, wanasema ni kwa wendawazimu. Waache wacheke. Pale wanatibu kifafa, na kifafa kinawasumbua watoto wetu wengi, wengine kwa sababu ya malaria iliyopanda kichwani, wengine kwa sababu ya kuzaliwa kwa shida njiani bila mkunga.

Hapa niseme wazi juu ya sahani. Katika nchi zetu za Maziwa Makuu wengi wanaamini kwamba povu la mwenye kifafa linaambukiza, kwa hiyo mtoto anapewa sahani yake na kikombe chake, anakula pembeni. Kifafa hakiambukizi. Akianguka, mlazeni ubavu, ondoeni mawe na moto karibu naye, msimtie kijiko mdomoni, na ngojeni. Ikipita dakika tano bado anatikisika, mkimbizeni hospitali. Asiachwe peke yake kwenye jiko la mafiga, maana wengi wameungua hivyo. Dawa ni ya kila siku, wala haiachwi kwa sababu wiki mbili zimepita salama.

Sasa soma mwisho wa sura ya tisa. Mefiboshethi alikula mezani pa mfalme siku zote, kama mmoja wa wana wa mfalme. Na mwandishi anamaliza kwa kusema tena kwamba alikuwa kilema wa miguu yote miwili. Meza haikumponya miguu. Wako kati yetu watoto waliochelewa kutembea, wasiosema wakiwa na miaka mitatu, wasioelewa haraka kama wenzao. Mtoto asiyesema apimwe kwanza masikio, kwa maana wengine hawasikii na watu wanadhani ni wajinga. Wengine watafundishwa hatua kwa hatua, kushika kijiko, kuvaa shati, kutaja jina, na watafika mbali kuliko tulivyotarajia. Wengine miguu yao itabaki ilivyo. Wote waketi mezani pamoja na wengine, na Jumapili waketi mbele pamoja na wengine, hata kama mmoja atapiga kelele katikati ya mahubiri yangu.

Mefiboshethi naye alikuwa na mwana mdogo, jina lake Mika. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, kule Gatumba, waliuawa wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, na watoto walikuwa kati yao. Mtoto aliyeokoka usiku ule akiwa na miaka mitano leo amepita miaka 25, na pengine ana Mika wake. Mzazi wa namna hiyo akikasirika ghafla mtoto anapolia usiku, asifikiri ni roho mbaya tu. Yeye pia aliangushwa siku ya kukimbia, na anaweza kumwambia mshauri habari zake siku ileile anapompeleka mtoto.

Mnapokwenda, nendeni kwanza kwenye kituo cha afya mnachotumia, mwombe karatasi ya kutumwa mbele. Andikeni kwenye daftari la mtoto jambo lilianza lini, linakuja mara ngapi, analala saa ngapi, maana swali la kwanza litakuwa lile la Yesu: tangu lini? Kama mtoto anasema Kibembe au Kifuliru tu, mtafute mtu mzima anayeaminika wa kutafsiri, asiwe ndugu yake mdogo. Na baba aende pia. Nimewaona wamama wengi wakisubiri peke yao kwenye mabenchi yale.

Bwana awalinde, ninyi na watoto wenu. Amina.