Upanga na Maji ya Ubatizo

Je, mtu aweza kutiwa imani kwa nguvu? Charlemagne, aliyekuwa mfalme wa Wafranki tangu mwaka 768, aliitawala sehemu kubwa ya Ulaya ya Magharibi, na siku ya Noeli mwaka 800 Papa Leo III alimvika taji la kaizari mjini Roma. Alihimiza shule na elimu. Sifa hiyo ni haki yake.

Walakini vita vyake na Wasaksoni, vilivyoanza mwaka 772, havikwisha ila mwaka 804. Sheria yake iliamuru auawe Msaksoni aliyekataa ubatizo. Na kumbukumbu za Wafranki wenyewe zasema kwamba mwaka 782, huko Verden, watu 4,500 walikatwa vichwa siku moja.

Shemasi Alcuin, mwalimu aliyeheshimiwa na mfalme, hakunyamaza. Mwaka 796 aliandika kwamba imani ni jambo la hiari: mtu aweza kushurutishwa kubatizwa, lakini hawezi kushurutishwa kuamini.

Wako wasemao, “Mbona wajukuu wa Wasaksoni walikuwa Wakristo wema?” Ni kweli. Lakini Mungu akitoa mavuno mema, hahalalishi damu iliyomwagwa shambani.

Enyi wazazi, jambo hili latuhusu. Fimbo yaweza kumfikisha mtoto kanisani. Haiwezi kumfundisha kusali. Atajifunza kwa kutuona sisi tukipiga magoti.